Furushi Ambalo Shangazi Hakuweza Kulisoma

Shangazi yangu ndiye mwandishi wa mwethya wetu huku Kathonzweni, kikundi cha kuchimbiana mitaro ya fanya juu, ile ya kuzuia udongo usisombwe, kabla ya mvua. Miaka yote ameandika zamu kwenye daftari, na haandiki kitu kabla hajakisoma kwa sauti watu wote wakisikia.

Mimi nikaja na laptopu yangu kutoka mjini Wote, kichwa kimevimba. Kwa vile watu waligombania zamu, niliwatengenezea mkataba wa blokcheni: programu inayopanga zamu yenyewe, na kilichoingia humo hakifutiki. Ningeweza kuupelekea namba mbili za wanachama kando kando, kila moja na jina lake: aliyechimbiwa, anayefuata. Simu ingezionyesha hivyo hivyo kabla ya mtu kukubali. Lakini mimi mjuaji nikazifunga pamoja, furushi moja la herufi na tarakimu, eti ada ya mtandao ipungue na wenzangu waone mimi ni fundi.

Siku ya kwanza, shamba la jirani likiwa limekwisha kuchimbwa, shangazi aliinua simu asome. Akaona lile furushi tu.

"Kijana, hii inasema nini? Mimi siingizi kitu sijakisoma."

"Aii, shangazi, wewe bonyeza tu!"

Akabonyeza.

Simu ilizifunga namba kwa mpangilio mmoja, mkataba ukazifungua kwa mwingine, aliyechimbiwa na anayefuata wakabadilishana nafasi. Ikaingia kwamba shangazi, ambaye ndiye alikuwa anafuata, amekwisha kuchimbiwa. Wanachama walisema achimbiwe tu, si kila mtu anaona shamba lake halijaguswa? Akakataa katakata. Mwandishi akijipangia zamu, ugomvi utaanza upya. Akaenda mwisho wa foleni.

Mvua ilimfikia kabla ya majembe. Udongo wake wote wa juu uliteremka korongoni pamoja na ndengu alizopanda. Nilisimama pale na viatu vyangu vya mjini, nikaona aibu.

Kosa langu nilikuwa nimelijua tangu jioni ile alipobonyeza. Sikumwambia mtu. Msimu huu nimeandika mkataba mwingine, kila namba mahali pake, na shangazi anasoma kwa sauti kama zamani. Wananisifu, nami naitikia.

Jumapili iliyopita, tukitoka kanisani, alinishika mkono.

"Nisamehe, mwanangu. Ile mara ya kwanza nilibonyeza vibaya, nikakuharibia kazi yako."

Nikamwambia, "Usijali, shangazi. Yalishapita."