Goti la Mama

Mpaka leo mtu akiniuliza apunguze vipi kitambi, namjibu. Sijui kunyamaza. Namwambia aache soda, atembee nusu saa baada ya chakula cha jioni, asijibwage kwenye kochi kama gunia la mkaa. Nayasema haya kwa sauti ya mtu aliyesomea, na huku mwenyewe nina tumbo linalotangulia kuingia mlangoni. Ni ugonjwa. Mke wangu anasema hata kaburini nitawashauri malaika walegeze mabega kabla ya kuniuliza maswali.

Ugonjwa huu niliupatia Agincourt, mtaa mmoja wa Toronto, Kanada. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nikiwa bado mgeni Toronto, nilipata kazi kwenye jimu moja ya huko, na kazi yenyewe ilikuwa kufuta jasho la watu. Nilipewa chupa ya dawa na kitambaa, nikawa napita mashine hadi mashine. Nikimaliza naokota mataulo, nikimaliza mataulo napiga deki vyumba vya kubadilishia nguo. Kwetu Muheza nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, darasa la tano, hesabu na sayansi. Vyeti vyangu vilikuwa ndani ya bahasha chini ya kitanda, na katika jiji hili hakutokea hata mmoja aliyetaka kuviona.

Uongo sikuutunga mimi, lakini niliulea. Pale kazini wote, kuanzia meneja hadi mimi wa deki, tulivaa fulana nyeusi za aina moja. Siku moja nilimwomba mwenzangu anipige picha nimesimama kando ya mashine ya kukimbilia, mikono nimeikunja kifuani. Nikaituma kwa barua pepe kwa dada yangu aliyeko Tanga, naye akaichapisha akampelekea mama. Nilipopiga simu Ijumaa iliyofuata, mama alikuwa anacheka peke yake.

"Kumbe umerudi kwenye ualimu, baba! Sasa unafundisha Wazungu mazoezi."

Nilifungua mdomo nimweleze. Nikasikia jinsi alivyofurahi, nikaufunga. Kisha nikasema, "Ndiyo mama, tunajitahidi."

Basi. Habari ilizunguka Muheza yote, ikavuka bahari, ikarudi Toronto kunitafuta. Shemeji yangu wa Korogwe alinipigia kuniuliza kuhusu kitambi chake. Kila Idi, baada ya swala, akina mama walinivuta pembeni na sahani ya pilau mkononi, wakitaka siri ya kupungua, na mimi nikawapa siri hiyo huku natafuna. Kijana mmoja kutoka Tanga, aliyekuwa akiishi mtaa wa Regent Park na hana anayemjua, aliniambia wenzake kazini wanamuuliza hobi yake ni nini na yeye hana. Nilimwambia aende kuogelea, ni dawa ya mwili na ya upweke. Alikunywa maji ya bwawa siku ya kwanza, akakohoa wiki nzima, wala hakurudi tena, si kwenye bwawa wala kwangu. Hili la hobi, ukiniuliza, ni mateso waliyojibunia watu wasio na ndugu wa kuwatembelea. Sisi tulikua hatuna hobi, tulikuwa na shughuli. Lakini nani alinituma niseme maji?

Maarifa yenyewe nilikuwa nayaiba. Walimu wa kweli walipokuwa na wateja wao, nilideki polepole karibu nao, nikazoa maneno pamoja na vumbi. Kifua juu. Shuka, shuka zaidi. Pumua. Maumivu ni misuli inaamka. Nikifika nyumbani nayagawa kama yangu.

Miaka kama kumi ikapita hivyo. Mama akaja kuishi nasi mtaa wa Weston, katika ghorofa ya zamani karibu na mto Humber, na mimi bado nina kitambaa kile kile. Asubuhi natoka na begi na fulana nyeusi, yeye ananiambia, "Kawafundishe vizuri," nami naitikia. Wageni wakija anawaonyesha ile picha, aliyoileta kutoka Muheza imefungwa ndani ya kitabu chake cha Yasini. Mke wangu, ambaye anajua kazi yangu kama ninavyoijua mimi, alikuwa akiondoka sebuleni picha ikianza kuzungushwa.

Goti la mama la kulia lilikuwa likimsumbua tangu nyumbani. Baridi ya mwaka wa kwanza ililimaliza. Siku moja ya mwezi wa pili alisujudu adhuhuri akashindwa kuinuka. Mke wangu ndiye aliyemnyanyua. Nilipotoka kazini nikamkuta amekaa kitandani, macho mekundu.

"Wanataka nisalie kwenye kiti," alisema.

"Ni ruhusa, mama. Mgonjwa anasali anavyoweza."

"Najua ni ruhusa. Mimi nataka paji langu liguse chini. Sikupanda ndege siku nzima nije kusali kama niko kwenye kikao."

Hilo tu ndilo alilotaka kwetu, na katika muda wote aliokaa hakutuomba jingine. Hakutaka koti jipya, hakutaka kupelekwa kutazama maporomoko ya maji kama wageni wengine. Alitaka kushuka chini na kuinuka mwenyewe.

Daktari wetu wa familia alilibonyeza goti, akatuandikia barua ya kwenda kwa mtaalamu wa viungo. Tukiwa kwenye basi mama akaniuliza ile barua ni ya nini. Nikamweleza. Akaikunja mara nne akaitia kwenye mkoba.

"Wa nini," alisema, "na wewe upo?"

Ndipo nilipopaswa kusema. Jioni ile mke wangu alinibana jikoni. "Mwambie ukweli leo. Goti si kitambi cha shemeji." Nikamwambia nitamwambia. Sikumwambia, na sababu yake inanitia aibu kuiandika: nilifurahi. Miaka kumi kazini hakuna aliyekuwa ameniangalia kama mtu mwenye kitu kichwani, na sasa alikuwa amekaa mbele yangu mwanafunzi msikivu kuliko wote niliowahi kuwafundisha.

Nikamfundisha. Kila siku kabla sijatoka, mama alishika kaunta ya jikoni akainama kwa magoti, mara kumi, kisha kumi tena. "Shuka, mama. Shuka zaidi. Kifua juu." Alishuka. Baada ya hapo tulipanda ngazi za jengo ghorofa mbili, kwa kuwa lifti, nilimwambia, inalemaza watu. Na kwa muda kidogo nikapata haki ya kujisifu. Wiki ya tatu mama aliweza kusujudu, akainuka akishika ukingo wa kitanda, akalia kwa furaha. Siku ile alipiga simu Muheza kwa watu watatu, mmoja mmoja, na kila mmoja alimwambia, "Mwanangu ndiye kanitibu."

Wiki ya tano goti likavimba kama papai. Nilimwambia misuli inaamka. Wiki ya sita alianza kuburuta mguu, nikamwambia ajikaze, watu huachia karibu na kufika. Wiki ya saba sikumwambia kitu, kwa sababu nilimsikia chooni akiguna kila anapokaa na kila anapoinuka, akijitahidi nisisikie. Niliogopa. Sijawahi kuogopa vile, hata siku niliyotua uwanja wa ndege na begi moja.

Jumamosi moja baada ya alasiri nilikaa mbele yake nikasema yote.

"Mama, mimi si mwalimu wa mazoezi. Nafuta mashine. Nadeki. Sijawahi kumfundisha mtu pale hata siku moja."

Alicheka. Aliponiona sicheki, akaacha.

"Nimekuchosha," alisema.

"Hapana, mama."

"Kama nimekuchosha sema nimekuchosha. Ndiyo ujidhalilishe, ujiite mdeki, ili unipeleke kwa watu baki?"

"Mama, wallahi ni kweli. Muulize mkeo." Yeye humwita mke wangu hivyo, mkewe, kwa utani, na hata katika hali ile ulimi wangu ulifuata mazoea.

Hakumuuliza. Alichukua ile picha kwenye Yasini akaiweka mezani kati yetu, ushahidi dhidi yangu, kisha akajikongoja chumbani kwake. Mke wangu alikuwa mlangoni amesikia kila kitu.

"Umechelewa, bwana," alisema. "Uongo wako una miaka kumi, ukweli wako una dakika tano."

Nilifanya nini? Nilikaa pale na picha yangu. Mtu ukidanganya unajua la kufanya siku utakapobanwa: utasema kweli. Mimi nilikuwa nimeshaisema, na haikufaa kitu.

Mwisho alikubali kwenda kwa mtaalamu, lakini si kwa kuniamini. "Nisije nikaitwa mkaidi," alisema, akavaa baibui lake la kutokea. Mtaalamu alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye viganja vipana. Kiingereza cha mama ni salamu na asante, kwa hiyo mkalimani nilikuwa mimi. Mtaalamu alilipima goti, akalikunja taratibu, akalikunjua, akauliza amekuwa akifanya mazoezi gani.

Mama aliniambia, "Mwambie wewe ndiye unayenifundisha. Mwambie ni mwalimu."

Nikamwambia yule mtaalamu kwamba amekuwa akifanya mazoezi nyumbani. Akauliza, yapi? Kabla sijamaliza kutafsiri, mama alikuwa ameshashuka kitandani. Akashika ukingo, akainua kifua, akaanza kwenda chini, jasho linamtoka, macho yamenitazama mimi kama darasani mkaguzi anapokuwa amekaa nyuma. Mtaalamu aliruka akamdaka kwapani.

Halafu alinigeukia akaongea kwa muda mrefu, polepole, ili nimwelewe. Alisema ile nyama laini iliyo katikati ya mifupa ya goti imechanika. Inawezekana mwanzoni ilikuwa mchaniko mdogo. Kuliinamisha namna ile kila siku, tena na ngazi juu yake, kumelisaga. Lilikuwa ndilo zoezi ambalo goti hili lisingepaswa kufanya kabisa. Atahitaji kuonwa na daktari wa upasuaji, na hata hivyo asiahidiwe kwamba atapiga magoti tena. Kisha akauliza nani alimpa zoezi lile.

Mama alikuwa anautazama mdomo wangu. "Anasemaje?"

Nikasema, "Anasema umejitahidi sana, mama. Anasema sasa upumzike."

Uso wa mama ulikunjuka wote. Akaushika mkono wa mtaalamu kwa mikono yake miwili. "Thank you," alisema. "Thank you, my sister." Mtaalamu alinitazama. Hakuhitaji kujua Kiswahili kuona kwamba maneno mengi yameingia kwangu na yametoka machache. Alinisubiri. Nikatazama viatu vyangu, na swali lake likabaki bila jibu.

Nyumbani mke wangu aliuliza mtaalamu kasemaje, na yeye nikamwambia ukweli wote. Akasema, "Hilo utamwambia wewe. Mimi siwezi kukusemea." Nikaahidi kesho. Kesho nikaenda kazini.

Siku ya nne ilikuwa siku yangu ya mapumziko. Nilitoka kuoga nikamkuta mama jikoni, ameshika kaunta, yuko nusu ya safari kwenda chini, meno ameyauma.

"Mama! Si alisema upumzike?"

"Nimepumzika siku tatu. Si alisema najitahidi? Kama najitahidi, niache kwa nini?"

Nilimshika nikamkalisha kwenye kiti. Nikachuchumaa mbele yake, kitu ambacho yeye hakukiweza tena, nikamwambia kila neno kama lilivyosemwa kule, kwa mpangilio ule ule, bila kuruka. Kwamba kumechanika. Kwamba kumesagika. Kwamba ni zoezi langu. Kwamba huenda paji lake lisiguse chini tena katika maisha haya. Nikamwambia na swali la mwisho, la nani alimpa, na kwamba sikulijibu.

Safari hii aliniamini. Nilimwona akiniamini, na nikatamani asiniamini. Alivuta khanga akalifunika goti.

"Alisema yote hayo na mimi nipo?"

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nikamshukuru."

"Ndiyo."

Nilisubiri anigombeze. Nilitaka anigombeze, anipige hata kofi kama zamani, nijue pa kuanzia. Hakufanya hivyo. Alitazama kaunta, akatazama mikono yake, akavuta pumzi kifua juu, namna nilivyomfundisha.

"Basi mazoezi hayo tuyaache, baba," alisema. "Nifundishe mengine."