Watasema, Mbwa wa Uyoga

Juzi nilishuka Kagongwa kununua mchele, nikamkuta mama mmoja kamwaga uyoga mbichi juu ya kipande cha turubai. Nilisimama pale kama mtu aliyeitwa jina. Harufu yake ilinirudisha moja kwa moja kwa bibi, upande wa Mwakitolyo, nikiwa darasa la tatu.

Kijiji kizima kilimjua bibi kwa uyoga. Lakini mwaka ule macho yake yalianza kuingia ukungu. Mara mbili alirudi na kapu tupu. Mara ya tatu alirudi na uyoga wa sumu. Bahati nzuri, jirani yetu aliuona kabla haujaingia chunguni. Kwa siku mbili bibi hakuligusa kapu. Siku ya tatu akamwita mbwa wetu.

Alikuwa mbwa wa rangi ya majivu, hana sifa yoyote ya maana. Bibi alimnusisha uyoga mzuri, kisha mimi nikaenda kuuficha chini ya majani nyuma ya zizi. Akiupata, anapewa tonge la ugali lililochovywa mchuzi wa dagaa. Akileta mfupa au kandambili ya mtu, hapewi kitu, wala hapigwi.

"Ukimpiga, atajifunza kunusa fimbo tu," bibi aliniambia.

Majirani walicheka sana. Mbwa ni wa kulinda mbuzi, tangu lini akatafuta mboga? Ndipo bibi akampa jina: Watasema.

Mvua zilipokolea tukaingia msituni, bibi kanishika bega. Watasema alipita chini ya miyombo, pua chini, mara akaketi na kututazama. Nikachuma, nikamwekea bibi kiganjani. Aliupapasa taratibu, akaunusa, akatabasamu. "Huu ndio wenyewe." Jioni ile tulikula uyoga wa karanga, na jirani aliyecheka kuliko wote alikuja na bakuli lake mwenyewe.

Tulienda hivyo misimu miwili. Wa tatu ulikuta wachimbaji wa dhahabu wameshafika. Asubuhi moja Watasema alitangulia, tukasikia mlio mmoja, kisha kimya. Alikuwa ametumbukia kwenye shimo lililoachwa, majani yameuziba mdomo wa shimo. Bibi alipiga magoti ukingoni akimwita. Mimi nikakimbia kambini kwa wachimbaji.

Alikuja baba mmoja mwenye ndevu, aliyetokea Singida, na kamba begani.

"Mbwa tu, mama?" aliuliza.

"Ndiye macho yangu," bibi akajibu.

Akaifunga kamba kwenye mti. Alishuka, akapanda na Watasema kamfunga mgongoni kwa shati lake. Mguu wa nyuma ulikuwa umevunjika. Bibi alimpapasa kuanzia masikio hadi mkia, akilia waziwazi, kisha akampa yule baba kapu zima la uyoga tuliokuwa tumeshachuma.

Watasema alipona, akabaki anachechemea miaka mingi. Msituni hatukurudi. "Leo yeye, kesho wewe," bibi alisema, akaanza kupanda mchicha nyuma ya nyumba.

Mwaka jana niliwapeleka wanangu kule msituni. Hakuna mti hata mmoja. Ni vifusi vya mawe na mitambo ya kuyasaga, huwezi kusikia mtu anayeongea kando yako. Nilinyoosha mkono nikawaonyesha tulipokuwa tukipita na bibi. Walitazama vile vifusi, wakatazamana, wakaitikia kwa heshima, kama watu wanavyomwitikia mgonjwa anayeweweseka.