Mguu wa Nne wa Kiti

Mkaguzi wa mitihani aliweka mkoba wake juu ya meza ya karakana saa tatu na nusu asubuhi, na tangu dakika ile Mwalimu Shoto hakujua aiweke wapi mikono yake.

Wanafunzi ndio waliompa jina hilo, kwa kuwa anaandika, anakata na kupiga randa kwa mkono wa kushoto. Miaka ishirini na mmoja amefundisha sanaa, usanifu na ufundi katika chumba hiki kimoja chenye meza sita, jiriwa sita za kubania mbao, nne nzima na mbili za kubembelezwa, na harufu ya gundi isiyotoka hata madirisha yakishinda wazi. Kazi alijifunza kwa baba yake, seremala ambaye hakuwahi kumwambia mtoto kwamba amekosea: alimpokonya patasi tu, akarekebisha, akamrudishia bila neno. Mwalimu aliirithi patasi, na tabia ikaja nayo. Hawezi kuona kitu kimekaa upande akakiacha. Mumewe humcheka mbele ya majirani: "Huyu akienda kutoa pole, kabla hajaketi anatikisa meza."

Safari hii hapakuwa na la kucheka. Kazi ya mtihani sharti iwe ya mkono wa mtahiniwa mwenyewe. Mwalimu huonyesha kwa kipande cha pembeni, huelekeza, hukemea, hagusi. Ndiyo maana viungo havitiwi gundi mpaka mkaguzi avichomoe na kuvitazama ndani.

Ijumaa jioni, watoto wakiwa wameshaondoka, alikuwa akifunga madirisha alipoona kiti cha Sindano kimeinamia mguu mmoja. Sindano, binti mwembamba asiyependa maneno mengi, alikuwa amebuni kiti cha bibi yake mwenye goti bovu: kimeinuka kuliko viti vya kawaida, na kina mkono mmoja imara wa kushikilia wakati wa kunyanyuka. Hakuna darasani aliyechora vizuri kumshinda. Masomo mengine yalimpiga chenga. Chuo cha ufundi kingemchukua kwa alama ya somo hili, au kisingemchukua kabisa. Mwalimu akauchomoa mguu ule. Ulimi wake, ile ncha inayoingia kwenye tundu la kikalio, ulikuwa umekatwa mshazari kidogo. Mapigo kumi ya patasi, labda kumi na mawili, mguu ukasimama wima. Alikuwa ameshafika getini alipotambua alichofanya.

Jumatatu Sindano aliuchomoa mguu, akautazama, akamtazama mwalimu. Na mwalimu, mtu mzima wa miaka hamsini na miwili, akajifanya anatafuta kopo la misumari. Kisha akatia saini fomu: kazi zote ni za watahiniwa wenyewe.

Sasa mkaguzi, mzee mfupi aliyekuwa fundi kabla hajawa mtu wa ofisini, alikuwa akichomoa miguu ya kiti kile mmoja mmoja.

"Huu sawa. Huu sawa. Huu mbona umekatwa mbiombio, ulikuwa unafukuzwa?"

"Nilikuwa na njaa," Sindano akajibu. Wenzake wakaangua kicheko.

Mguu wa nne aliumulika kwa tochi ya simu. Kicheko kikakatika. Kwenye miguu mitatu michirizi ya patasi ililala upande mmoja. Kwenye huu ililala upande wa pili.

"Binti, unatumia mkono gani?"

"Wa kulia."

"Na hapa?"

"Hiyo ni kazi yangu."

"Sijauliza ni kazi ya nani."

"Niliumia kidole. Nikatumia wa kushoto."

"Kidole kipi?"

Binti akavitazama vidole vyake kana kwamba anachagua. Mwalimu Shoto angenyamaza kidogo tu, uongo ungekuwa wa mtoto, na adhabu ingekuwa ya mtoto vilevile.

"Mwache, mzee wangu," akasema. "Ni mimi. Yeye aliukata, mimi nikaunyoosha."

Mkaguzi hakushangaa, na hilo ndilo lililomchoma. "Mguu huu naufuta," akasema. "Binti atakata mwingine mbele yangu, kwa saa moja. Mguu ukikaa sawa, namhesabia kazi yake. Usipokaa, mimi sipimi kiti cha miguu mitatu. Wewe mama, nje. Dirishani unaweza kusimama. Mdomo umefungwa."

Akasimama dirishani, paji la uso kwenye nondo. Sindano alipima, akapiga mstari, akafuta, akapiga mwingine. Akabana ubao kwenye jiriwa. Msumeno ulianza vizuri, kisha, katikati, ukaanza kupotea. Shusha kiwiko, mwalimu alisema moyoni. Shusha kiwiko, mwanangu. Binti akasimama. Akafuta jasho kwa bega, akainama kutazama mstari kwa jicho moja, na aliporudi kwenye msumeno kiwiko kilikuwa kimeshuka. Dakika arobaini. Patasi. Vumbi la mbao likimwagika kwenye viatu vyake vya shule. Dakika hamsini na tano.

Mguu ukaingia kwa ngumi mbili. Mkaguzi akakizungusha kiti, akaingiza ukucha kwenye upenyo mdogo uliobaki, akaguna. Halafu akakaa kwa uzito wake wote, akashika ule mkono, akanyanyuka. Akakaa tena.

"Kimeinama kidogo," akasema. "Lakini kinakaa. Kimepita."

Mwalimu aliitwa ndani, akaandika alichokifanya, kwa mkono wake, chini ya saini yake ya Jumatatu. Mwaka ujao fomu za mtihani zingetiwa saini na mtu mwingine. Aliyapokea hayo bila kubisha.

Wengine walipotoka, Sindano alibaki akifagia. Hakuwa na uso wa mtu aliyefaulu.

"Mwalimu. Mguu wangu wa kwanza, kabla hujaugusa."

"Ndiyo."

"Ulikuwa umeinama zaidi ya huu?"

Mwalimu Shoto alichuchumaa, akautazama mguu mpya, taratibu, kutoka chini hadi juu.

"Hapana," akasema. "Ulikuwa umeinama hivihivi."

Binti akaitikia kwa kichwa, akaenda kufungua kopo la gundi.