Kristali Iliyokataa Kutulia Ukweni

Jamani, hii aibu ningekufa nayo, ila kwa kuwa watu wa Minjila wanaisimulia vibaya (eti nilipeleka uganga ukweni!), afadhali mwisikie kwangu mwenyewe nilivyoumbuka.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa nasoma fizikia Kampala, nikaja Garsen likizo, na Mjomba Buya akanipeleka Minjila kumposa Hadija. Tumekaa mkekani, ukoo wao umejaa, bakuli la maji ya kunawa liko katikati, mara baba yake Hadija, Mzee Komora, akaniuliza, "Mwanangu, huko mbali wasoma nini hasa?"

Ningejibu "sumaku" yakaisha. Lakini mfukoni nilikuwa na kristali yangu ya rangi ya waridi, ndogo kama dengu, pamoja na sumaku (nani huenda posa na sumaku? Mimi!), basi nikasema, "Baba, ngoja nikuonyeshe."

Nikaeleza kwa madaha kwamba hii ni chumvi ya zinki, ambayo sumaku haiijali, ila nilipoikuza nilitia kobalti kidogo mno, madini yanayovutwa na sumaku, na kila chembe ya kobalti humo ndani imebanwa na majirani zake, kwa hiyo upande mmoja huiitikia sumaku upesi kuliko mwingine, na ukiining'iniza hujigeuza yenyewe hadi upande ule uelekee sumaku. "Kisha hutulia," nikasema, "hata mkiizungusha vipi."

Kumbe uzi wangu wa hariri, usiojisokota, nimeusahau nyumbani! Badala ya kusema hivyo, nikachomoa uzi kwenye matamvua ya kikoi cha mjomba, na matamvua mnajua yanavyosokotwa. Nikaifunga kristali, nikaining'iniza karibu na sumaku. Nilipoiachia tu, uzi ukaanza kujisokotoa na kristali ikazunguka kama pia, ikasita, ikarudi kinyume, ikaanza tena.

"Sasa hivi itatulia," nikasema. Haikutulia.

Shangazi yake Hadija akasogea. "Hebu iondoe hiyo sumaku tuone."

Nikaiondoa. Ikazunguka vilevile! Mkeka mzima ukaangua kicheko, na nyuma ya pazia nikasikia cheko la msichana likiyashinda yote.

Kwa fadhaa nikaidaka, vidole vimelowa jasho, ikaniponyoka, chubwi, ndani ya bakuli. Mjomba akatumbukiza mkono, nami nikatumbukiza, Mzee Komora naye hakubaki nyuma, tukapapasa na kukoroga (chumvi, jamani, majini!), mjomba akaigusa ikiwa imebaki kama chembe ya ulezi, akaipoteza, na hatukuiona tena.

Mzee Komora akakung'uta vidole. "Buya, elimu ya kijana wenu imeyeyuka."

Wali ulipoletwa sikumeza hata tonge. Mjomba alikuwa akikitazama kikoi chake, nami nikajua Hadija nimeshamkosa. Baada ya kula, Mzee Komora akaingia ndani kumsikiliza binti yake, akakaa huko mpaka nikaona ni dua tu imebaki, kisha akatoka akijizuia kucheka.

"Amekubali," akasema. "Anasema mtu aliyechekwa hivi na asitoroke, hatamtoroka mkewe."

Basi nimeapa, posa yoyote nitakayosindikiza naenda na leso tu, nakula, nanyamaza. Na Hadija hadi leo sijamwambia kwamba kutoroka nilitaka sana, ila miguu ilikuwa imekufa ganzi.