Hodi, Nyumba ya Ndovu

Wenzangu wa rika langu mtakumbuka kwamba zamani kuhama kulikuwa kuhama kweli. Siku hizi kijana anatia suruali mbili mkobani, anapanda basi asubuhi, jioni yuko pengine, na bado analalamika kuwa kiti kilimuumiza mgongo. Sisi tulihama na kitanda, jiwe la kusagia, kuku waliofungwa miguu, na chipukizi la mgomba ambalo mama alilizungushia gunia bichi, kwa sababu kuna mtu alimwambia kuwa ndizi za pwani si ndizi.

Tulishuka milima ya Taita kwa miguu mpaka Voi. Pale tulipanda gari moshi la daraja la tatu, lenye mabenchi ya mbao na madirisha yaliyoingiza vumbi jekundu hadi ndani ya masikio. Mombasa tuliiona kwa haraka haraka, harufu ya kahawa na samaki, halafu tukafika kivuko cha Likoni. Mama hakuwa amepanda chombo cha maji maishani mwake. Alifumba macho, akakumbatia kuku kwa mikono miwili, na mimi akanisahau kabisa. Baba alicheka hadi ng'ambo. Kutoka hapo tulipanda lori la watu wa barabara, juu ya mifuko ya saruji. Tulipita pale panapoitwa leo Kona ya Musa, na nikiwaambia vijana kwamba niliona mbuzi amelala katikati ya njia panda ile wala hakuna aliyemsumbua, wanadhani natunga. Msambweni tukaipita pia. Jua lilikuwa limeinama tulipoteremshwa kwenye kambi ya mabati, pembeni mwa kijiji kilichokuwa njia ya kuelekea Shimoni.

Baba alikuwa mwashi wa barabara. Alijenga makalvati ya kupitishia maji chini ya barabara, na madaraja madogo. Barabara ilipokwenda naye alikwenda, na sisi nyuma yake. Nilikuwa nimeshakaa kambi nyingi kabla ya ile, na katika zote nilikuwa mtoto wa kambini tu.

Shuleni niliketishwa benchi moja na msichana aitwaye Mwanasiti. Siku ya kwanza aliniangalia miguu, akaniangalia uso, akaniita Mbara, yaani mtu wa bara, na jina likanata. Wiki haikuisha akaniambia, "Wee Mbara, Jumamosi twaenda mjini na bibi. Utakuja?"

Mjini! Nilimwomba mama anipigie pasi shati. Nilivaa viatu vya kanisani. Nilitarajia maduka, soda, pengine baiskeli za kuangalia. Mwanasiti na wenzake waliponiona walianguka chini kwa kicheko, lakini hawakuniambia lolote. Tulifuata njia ya ng'ombe, tukapita mikorosho, tukaingia msituni. Miiba ilinishika shati. Tukasimama mbele ya ukuta wa mawe uliofika kiunoni, umekumbatiwa na mizizi.

"Ndio mjini hapa," alisema Mwanasiti. "Viatu vyako vina adabu, lakini wenyewe hawataviona."

Bibi yake, Bi Mwanakombo, alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya kukwaruza. Kazi yake ilikuwa kuchoma chokaa. Aliokota mawe ya pwani, akayapanga na kuni kwenye tanuri, na hakuna nyumba kijijini ambayo haikupakwa chokaa yake. Nilimwamkia, "Shikamoo, Bibi." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Umependeza. Mji huu haujamwona mtu aliyevaa vizuri kwa muda mrefu."

Kisha akatutembeza. Jamani, matembezi yale! Alifagia majani makavu kwa ncha ya bakora, na chini yake ukatokea mfereji, ngazi, kizingiti kilicholika katikati kwa nyayo za watu. Alituonyesha kisima, kibla ya msikiti ulioezekwa sasa na matawi, na kichumba chenye shimo ambacho alituuliza kilikuwa cha nini. Hakuna aliyejua. "Choo," alisema. "Mwafikiri mababu zenu walikuwa malaika?" Tulicheka mpaka ndege wakaruka.

Tuliporudi alituketisha barazani kwake, akatupa mahamri na mbaazi za nazi, halafu akachukua kibonge cha chokaa akauchora mji wote sakafuni: mtaa huu, uchochoro ule, mlango wa bahari, mlango wa bara. Nyumba nyingine alizichorea hata mapambo ya milango. Alichora akizungumza, na alizungumza kana kwamba jana tu alikuwa amekwenda kuazima chumvi huko. Kuku walipita juu ya mji wakaacha nyayo, naye akawafukuza: "Ishi! Tokeni sokoni!"

Lakini jambo kubwa lilikuwa siku ya Mwaka, yaani mwaka mpya wa watu wa pwani. Siku hiyo wazee walimzungusha ng'ombe mji ule wa kale, wakisoma dua, kabla ya kumchinja ili watu wamle pamoja. Nyuma ya wazee alikuja Bi Mwanakombo na kina mama, na hapo ndipo palipokuwa na desturi ambayo sijaiona mahali pengine. Kila nyumba ya mji ule ilikuwa na mtoto wake. Mtoto alitangulia, akaingia ndani ya magofu, akasubiri. Watu wakifika mlangoni hawakupita hivi hivi. Walipiga hodi.

"Hodi! Hodi wenyewe?"

Na mtoto akaitikia kutoka ndani: "Karibuni, wenyewe tupo!" Kisha akaeleza ni kwa nani. Mwanasiti aliitikia nyumba ya Mwana Shali. Namsikia mpaka leo, amebinua shingo: "Hapa ni kwa Mwana Shali. Alisuka mikeka, alipanda asumini mlangoni, na alikuwa mkali kwa wanaochelewa kula." Hiyo ya mwisho naamini aliitia mwenyewe.

Mwaka wangu wa kwanza nilitembea tu na mama zao. Nyumba baada ya nyumba wenzangu waliitikia, na mimi sikuwa na pa kuingia. Karibu na mlango wa bara tulifika kwenye nyumba moja ndogo. Watu walipiga hodi, pakawa kimya. Wakasubiri kidogo kwa heshima, wakaendelea.

Nilimwuliza Bi Mwanakombo kwa nini. Akanishika mkono, akaniingiza ndani. Ukuta mmoja bado ulikuwa na lipu yake. Katika nyumba nyingine niliona watu wa zamani wamechora kwa ncha ya msumari vyombo vya baharini, matanga na nanga. Hapa palichorwa ndovu. Masikio mapana, mkonga umeinuliwa, pembe moja fupi kuliko mwenzake. Mimi niliyetoka upande wa Voi nilikuwa nimewaona ndovu kwa macho yangu, na nilijua kuwa wakubwa huwa hivyo hivyo, pembe moja imelika kwa kuchimbua. Aliyechora hakusimuliwa. Alimwona.

"Alikuwa mtu wa huko kwenu," alisema Bi Mwanakombo. "Walikuja na pembe, wakauza, wenziwe wakarudi bara. Yeye akabaki, akaoa, akazaa. Kizazi chake kikatawanyika, hakuna anayejua kiliko. Nyumba haina wa kuitikia." Akanitazama. "Wewe una sauti?"

"Ninayo, Bibi."

"Basi ni yako. Uitunze."

Sijui niwaelezeje. Nilikuwa mtoto wa mabati na mifuko ya saruji, na ghafla nilikuwa na nyumba mjini. Niling'oa magugu. Nilifagia. Mwanasiti alikuja kunikagua akiwa ameshika kiuno: "Mbara, nyumba yako haina hata mtungi! Wageni watakunywa nini?" Siku iliyofuata akaniletea kigae cha mtungi.

Haikupita miezi mingi nikakuta nyumbani kwangu kigingi cheupe. Kimepigiliwa sakafuni, chini ya ndovu. Niliangalia nje, nikaona kingine, na kingine, vimenyooka kama uzi kuelekea kambini. Mtoto wa barabara hahitaji kuelezwa maana ya vigingi vyeupe.

Jioni nilimwambia baba. Alikuwa akiosha mwiko wake wa uashi.

"Baba, barabara inapita kwangu."

"Kwako wapi?"

"Nyumba ya ndovu. Isogezeni kidogo tu."

Akacheka. "Barabara si ng'ombe, mwanangu, useme utaichapa fimbo igeuke. Hata mimi sijui nani aliipanga."

Bi Mwanakombo alikwenda kambini mwenyewe kumwona Mzungu aliyesimamia kazi. Alipewa kiti, akapewa chai, akasikilizwa. Akajibiwa kuwa ramani imetoka mbali na mstari hauwezi kupinda kwa sababu ya ukuta mmoja. Akamaliza chai yake, akashukuru. Wakati wa kutoka alimpitia baba pale alipokuwa akipanga mawe.

"Baba Mbara," alisema, "mwanao ana nyumba pale. Njoo basi umtembelee kabla hamjamvunjia."

Baba alikuja Jumapili, na kofia yake mkononi. Sisi watoto tulitangulia kama desturi. Nilisimama chini ya ndovu, nikasikia viatu vizito vikikaribia, vikasita mlangoni. Halafu sauti ya baba yangu, ambayo kambini ilikuwa ya kuamrisha zege tu, ikasema kwa upole, "Hodi wenyewe?"

"Karibu, wenyewe tupo! Hapa ni kwa mtu wa bara. Alileta pembe, wenziwe wakarudi, yeye hakurudi. Alimchora ndovu ili watoto wake waliozaliwa pwani wamjue."

Baba aliingia akainama. Alipitisha kidole kwenye mkonga, kwenye pembe ndefu, kwenye pembe fupi. Usiku ule nilimsikia akimwambia mama, "Lipu ile ni nzuri. Mimi siwezi kuitengeneza."

Siku ambayo tingatinga lilitarajiwa, baba aliondoka alfajiri na tindo, nyundo na gunia. Mama akaniambia amekwenda kunitolea ndovu wangu ukutani, kipande kizima. Nilikataa kwenda shule. Nilikaa mlangoni nikipanga nitamweka wapi, juu ya kitanda au mkabala na dirisha. Baba alirudi jua limeshapanda. Gunia lilikuwa begani, tupu. Mikono yake ilikuwa myeupe hadi viwikoni.

"Lipu imesagika," alisema. "Nimeigusa kidogo tu, ikasagika."

Alikaa kwa muda mrefu kabla ya kunawa.

Siku ya Mwaka ilipofika tena, barabara ilikuwa imeshapita pale, nyekundu, imeshindiliwa. Ng'ombe aliikataa kwanza, akasukumwa, akavuka. Wazee wakavuka nyuma yake. Mimi nilibaki nyuma nikiangalia chini, maana sikuwa na pa kutangulia. Bi Mwanakombo alisimama katikati ya barabara na kina mama wakasimama naye. Akaniita kwa bakora.

"Nenda kwako."

"Kwangu hakuko tena, Bibi."

"Nenda ulipokuwa ukisimama."

Nilipima kwa macho kutoka kwenye mkorosho uliobaki, nikaenda nikasimama. Wakati huo huo likatokea lori la mbao, honi inalia, utingo ananing'inia mlangoni akipiga kelele: "Mama! Tokeni barabarani! Mwataka kufa?"

Bi Mwanakombo hakugeuka. Aliinua mkono mmoja tu. "Ngoja, baba. Tuko mlangoni kwa watu."

Nadhani hakuna utingo aliyewahi kujibiwa hivyo. Dereva alizima injini. Katika ukimya ule wakapiga hodi, sauti za wanawake wote pamoja, na mimi nikaitikia kwa nguvu zangu zote, juu ya kifusi alichokimwaga baba yangu: "Karibuni, wenyewe tupo!" Nikaeleza yote, ndovu na pembe zake. Nilipomaliza, utingo akasema "Haya, tunashukuru," kana kwamba alikuwa miongoni mwa waalikwa.

Tangu hapo nimeishi miji mingi. Miguu yangu haijui kutulia, nadhani nimerithi barabara. Nimefanya kazi Nairobi, Kisumu, Kampala, Arusha, na kila nifikapo hutafuta mtu wa kunionyesha mji wa zamani. Wapo. Wana miwani ya jua na maelezo waliyoyakariri, na hutazama saa. Nasikia hata Diani siku hizi hoteli zimepangana, na wageni hupelekwa kwa basi kuangalia magofu, wakapiga picha, wakarudi kuogelea. Watoto wangu niliwahi kuwapeleka kwenye boma moja la kale. Wa kwanza akauliza kama kuna soda. Wa pili akabaki garini na redio ya kaseti. Siwalaumu sana, mimi pia nilikwenda mjini nikitarajia soda. Ila hakuna aliyesimama ndani akatusubiri. Tuliingia tu, kama wezi, tukatoka.

Kazi ya barabara ile ilipoisha kambi ilivunjwa. Tulipakia kitanda, jiwe la kusagia na kuku. Mgomba ulikuwa umekwisha kuzaa, mama akamwachia Bi Mwanakombo, akimsisitizia kuwa hizi ndizo ndizi. Wakacheka, wakashikana mikono kwa muda mrefu. Mwanasiti sikumwona, nikadhani amekasirika.

Lori likashika barabara mpya. Lilikwenda vizuri, halikuruka, na baba alikaa ameinamisha kichwa. Niliuona mkorosho ule ukija. Nikasimama juu ya godoro, nikashika kingo za lori, na tulipofika penyewe nikapiga kelele, "Hodi! Hodi wenyewe?" Ndipo nilipokumbuka kuwa wa kuitikia pale nilikuwa mimi.

Lori likapita. Kisha nyuma yetu, katika vumbi, akatokea msichana amejifunga kanga kiunoni, amesimama katikati ya barabara hasa palipokuwa chini ya ndovu, mikono kinywani.

"Karibu, Mbara! Wenyewe tupo!"

Baba aligeuka akamtazama, akanitazama na mimi. Akainua mkono kugonga paa la dereva asimame, ukabaki hewani, akaushusha.