Somo wa Binti Yangu

Kwetu sisi tuliotoka Unguja, hata tukae huku Ibra, Omani, mpaka mifupa ichakae, harusi haiendi bila ya somo. Somo ndiye anayemfunda bibi harusi. Humsinga mwili kwa singo, ule unga wa manukato, kisha hufunga mlango na kumwambia yale ambayo mama mzazi hathubutu kuyatamka mbele ya mwanawe. Binti yangu alishajua tangu mdogo nani atakuwa somo wake: dada yangu mkubwa aishiye Uingereza, aliyemlea nyumbani kwake miaka yote ya masomo. Kwa hivyo harusi ilipokaribia na wawili hao wakaacha kusemezana, nilishikwa na homa ya kweli.

Ukiniuliza waligombania nini, utacheka. Si mahari, si bwana harusi. Waligombania sheria ya nchi ya watu. Huko kwa dada palikuwa na mjadala: mtu akitaka kubadilisha jinsia iliyoandikwa katika hati zake, neno lake mwenyewe litoshe, au apite kwanza kwa madaktari? Na aliyezaliwa akaandikwa mwanamume, akishaandikwa mwanamke, aingie kila pahala pa wanawake? Wote wawili hujiita watetezi wa wanawake, na nadhani ndiyo maana waliumizana vile. Asiyejali hagombani.

Dada ameendesha kwa muda mrefu nyumba ya kuwahifadhi wanawake waliopigwa na waume zao. Aliniambia kwenye simu, "Mdogo wangu, nimewaona wanawake wanaotetemeka wakisikia kikohozi cha mwanamume ukumbini. Wana haki ya mlango unaofungwa. Nikiambiwa karatasi ndiyo iamue nani aingie, sinyamazi." Nikaona ana haki.

Ijumaa binti yangu akaja kutoka Nizwa, anakofanya kazi ya uwakili, nikamuuliza na yeye.

"Mama, unamkumbuka rafiki yangu aliyekuwa akinipikia uji nilipougua kule? Yeye alizaliwa akaandikwa mwanamume. Kila akionesha hati zake, huulizwa maswali ya kumvua nguo. Huyo ndiye wa kuogopwa? Mtu anayetaka kuwapiga wanawake hasubiri karatasi."

Nikaona naye ana haki. Basi nikazidi kuuliza, huku na huku, mpaka wote wawili wakanichoka. Kuuliza si ujinga, wanasema, lakini mimi nilipitiliza.

"Mama mkubwa kaniambia nimewauza wanawake wenzangu," binti yangu akamaliza. "Basi na aje, ale pilau kama wageni wengine. Somo nitatafuta mwengine."

Dada akaja, sanduku lake la nguo likapotea njiani. Kesho yake ilikuwa Jumatano, siku ya soko la wanawake. Hapo wauzaji wanawake, wanunuzi wanawake, na mwanamume hakanyagi. Hina, udi, singo, kila cha bibi harusi kipo. Nikasingizia magoti yangu, kwamba nahitaji watu wawili wa kunibebea, nikawatia wote wawili garini. Mmoja alikaa mbele, mmoja nyuma, kila mtu akiitazama mitende ya upande wake.

Sasa dada yangu ni mrefu kama marehemu baba, mabega mapana, na tangu maradhi ya koo sauti yake imekuwa nzito. Nywele nazo zilianguka kwa dawa, zimebaki fupi kabisa. Alivaa suruali na koti alilosafiria, na kofia ya sufu kichwani. Kabla hatujatoka nilimpa buibui langu, likamfika kwenye muundi, akalitupa kitandani akicheka.

Sokoni hatukwenda mbali. Bibi mmoja muuza hina aliinuka kwenye mkeka wake akamnyooshea kidole.

"Mamnuu! Marufuku! Wanaume nje!"

Soko zima likageuka. Mwanamke mmoja aliyekuwa akijaribu shela akajifunika uso upesi.

"Ana hurma," dada akasema, yaani mimi ni mwanamke. Kiarabu chake kilikuwa sahihi, lakini sauti ilikuwa ya muadhini.

"Huna haya!" bibi akajibu.

Sijawahi kumwona dada yangu akikosa pa kuiweka mikono yake. Kumbe binti yangu, aliyekuwa ametangulia kwenye vitambaa, alisikia. Alikuja mbio, akamkamata dada mkono.

"Khala yangu huyu, mama yangu mkubwa! Mwanamke huyu! Nimemuogesha kwa mikono yangu alipougua, namjua!"

Bibi akamvuta dada kofia pembeni, akayaona masikio, yametogwa matundu kuzunguka ukingo wote kama walivyotogwa wasichana wa Unguja zamani. Akaona haya yeye. Akamtilia dada mfuko wa hina mkononi na kumwomba radhi, na hakutaka kulipwa.

Tukarudi garini, tukatoka mjini.

"Kafanya sawasawa yule bibi," dada akasema. "Ningekuwa mimi, ningemzuia mtu vilevile." Kisha akaongeza, "Lakini imeniuma, yakhe. Imeniuma sana."

"Na mimi," binti yangu akasema kutoka nyuma, "nimekaa mwaka mzima nikisema neno la mtu litoshe. Wewe ulishasema neno lako, nami badala ya kuwaambia linatosha, nikaenda kuwapigia watu kelele za kukuogesha."

Dada alicheka mpaka akakohoa. "Bado nakukatalia, lakini."

"Na mimi bado, mama mkubwa. Utanisinga lini?"

Dada alifungua mfuko wa hina, akaunusa, akaufunga. "Kesho baada ya alasiri. Na usichelewe, nina mengi."

Kesho yake nilipeleka bakuli la singo hadi chumbani. Dada alilipokea mlangoni, akafunga kwa ufunguo. Nikaweka kiti ukumbini. Mwanzo nilisikia madaktari, hati, mlango, yale yale, sauti zikipanda. Nikamwomba Mungu. Kisha zikashuka, zikawa mnong'ono, na mara vicheko vya watu wanaozibana midomo. Moyo wangu ulijaa furaha, na wivu pia, nisiseme uongo. Mimi ndiye niliyewakutanisha, na nilitaka kujua. Nikainuka, nikagonga.

"Nani?" dada akauliza.

"Mimi, mama yake. Mnataka maji?"

"Mama," binti yangu akaita toka ndani, kwa upole, "wewe hapa huingii."

Nikarudi kwenye kiti changu.