Muuza maziwa wa Kijenge anayeliogopa gari lake

Saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, Kijenge, jijini Arusha. Ukungu umeufunika mlima Meru wote, na Agnela Ndesanjo ameinama ndani ya kirikuu chake, kigari kidogo cha mizigo, tochi ya simu mkononi. Anakiinua kiti cha dereva na kukiegemeza nyuma. Chini yake injini inaonekana, imetulia, ina vumbi.

Anabonyeza mpira wa maji mmoja, halafu wa pili. Kisha anashika mfuniko wa rejeta, chombo kinachopoza maji ya injini, kwa kitambaa na kuanza kuuzungusha taratibu, uso ameugeuzia pembeni, ingawa gari limelala hapo tangu jana mchana na halina joto lolote. Mfuniko unatoka. Maji yapo mpaka juu. Agnela anashusha pumzi.

"Mimi najua limepoa," anasema. "Huu mkono ndio haujui."

Mkono anaousema ni wa kulia. Kuanzia kwenye kifundo hadi karibu na kiwiko, ngozi imejikunja na kung'aa, nyeupe kuliko sehemu nyingine. Ni kovu la Machi mwaka huu.

Agnela ana miaka arobaini na mmoja. Alizaliwa Machame, akaolewa Arusha na fundi seremala aitwaye Elinami, na kwa miaka tisa sasa kazi yake ni moja: kukusanya maziwa kwa wafugaji kumi na wanne wa Kikwe, wilayani Meru, na kuyafikisha kwenye migahawa ya chai ya Kijenge na Themi kabla jua halijawa kali.

Miaka yote hiyo alitumia bodaboda. Madumu yalifungwa nyuma kwa mipira, lita sitini kwa siku, na mvua ikinyesha ziliporomoka hadi thelathini. Januari alipata leseni ya udereva. Februari akatoa akiba ya miaka sita, shilingi milioni saba na nusu, akanunua kirikuu kilichotumika. Lita zikapanda hadi mia na thelathini.

"Siku ninalileta nyumbani nilikuwa naimba," anasema. "Nilijua kuweka mafuta, nilijua gia na breki. Rejeta nilikuwa naisikia tu watu wakiitaja."

Wiki ya tatu ndipo mambo yalipoharibika.

Alikuwa ameshaiacha barabara ya vumbi ya Kikwe, yuko kwenye lami anapandisha kuelekea Tengeru, keni zote za maziwa zimejaa. Alianza kuhisi joto mapajani. Kwenye kirikuu dereva anaikalia injini, kwa hiyo hakushtuka sana. Alidhani ni kawaida. Ikafuata harufu ya mpira unaoungua. Halafu mvuke mweupe ukapanda kutoka chini ya kiti na kujaa mbele kote, asiione barabara.

"Nilijua ni moto," anasema. "Nilijua linalipuka na mimi nimo ndani."

Alisimama, akaruka nje bila kuvuta breki ya mkono. Gari likaanza kurudi nyuma peke yake, polepole, maziwa yakigonga ndani ya keni, likaenda kuegama kwenye tuta la kando ya mtaro. Nyuma yake kulikuwa na lori la mchanga, ambalo dereva wake aliwahi kulikwepesha.

Agnela alisubiri pale kando ya barabara. Mvuke ulipopungua, akakumbuka kwamba gari likichemsha huwekewa maji. Akachukua chupa, akainua kiti, akafunga khanga mkononi na kuufungua mfuniko.

Maji yaliyokuwa yamebanwa mle ndani yaliruka. Khanga haikusaidia kitu. Msamaria mmoja alimmwagia maji baridi mkononi na kumpeleka kwenye zahanati, na alipokuja kulikumbuka gari, saa nane mchana, maziwa yote yalikuwa yameganda.

Kwa siku kumi na moja hakuligusa. Lilikuwa limevutwa hadi nyumbani na kuegeshwa uani, na yeye alipokwenda kuanika nguo alipita upande wa pili. Anasema hata birika la chai lilipoanza kutoa sauti jikoni alitoka nje.

Mumewe alimwambia waliuze. "Mimi sikuwa nahesabu hasara," anaeleza Elinami, mtu mpole anayeongea huku akipiga msasa ubao. "Nilimwona anavyoshtuka usingizini. Nikasema chombo cha namna hii kitanichukulia mke."

Lakini Kikwe maziwa yalikuwa yanakamuliwa kila asubuhi. Agnela alirudi kwenye bodaboda, mkono ukiwa kwenye bandeji, akachukua nusu tu ya maziwa. Siku moja mfugaji wake wa zamani kuliko wote, Mzee Yona, alimpokea mlangoni, na baada ya shikamoo na marahaba akamwambia neno ambalo halijamtoka kichwani.

"Mwanangu, jana nimemwaga ndoo nzima," alisema mzee. "Sikulaumu. Ila kuna mtu mwingine amepita hapa kuniulizia maziwa. Niambie mwenyewe, nimjibu nini?"

Agnela alimwomba wiki mbili.

Fundi wa kwanza, wa kando ya barabara, alifika nyumbani, akachomoa kidude kidogo kinachoitwa thamostati, kile kinachoruhusu maji kupita injini ikishapata moto, akakitupa kwenye boksi. Akasema tatizo limekwisha. Siku ya pili mshale wa joto ulipanda tena mpaka kwenye mstari mwekundu. Fundi wa pili alitazama kwa dakika tano na kusema gasketi ya silinda hedi, inayozuia maji yasikutane na moto wa injini, imekufa, injini nayo inafuata, atafute nyingine kwa milioni mbili na laki tatu.

"Huyo ndiye aliyenimaliza," anasema Agnela.

Wa tatu alikuwa Twahir, fundi mwenye gereji ndogo ya mabati Themi, ambaye kila asubuhi hunywa chai kwenye mgahawa ambao Agnela anauuzia maziwa. Alimsikiliza mpaka mwisho. Hakushika spana. Alimuuliza maswali: lilichemsha kwenye mlima au kwenye tambarare, likiwa na mzigo au tupu, maji yanapungua kiasi gani. Agnela alisema ni kwenye mlima, keni zimejaa; maji hajawahi kuyapima.

"Basi dada, nenda kaliangalie," alisema Twahir. "Mimi nikilitengeneza bila wewe kulijua, utaendelea kuliogopa. Kesho alfajiri, likiwa limepoa kabisa, ufungue mfuniko wewe mwenyewe."

"Siwezi, fundi."

"Nitakuwepo."

Kesho yake Twahir alisimama nyuma yake, mikono mfukoni. Agnela anakumbuka kwamba alijaribu mara tatu. Mara ya tatu mfuniko ukatoka na hapakutokea kitu, maji tu, yakiwa yamepungua kama ujazo wa chupa moja ya soda.

Twahir akamwambia awashe injini na kuyatazama yale maji. Kama gasketi imekufa, mapovu yangepanda bila kukoma, maana moto wa silinda ungekuwa unapumulia ndani ya maji. Walitazama kwa dakika kumi. Agnela anasema hajawahi kumwomba Mungu namna ile hata kanisani. Mapovu hayakuja. Agnela akazima, akachomoa kijiti cha kupimia oili. Maji yakiingia, oili hubadilika rangi na kuwa kama chai ya maziwa. Yake ilikuwa nyeusi, safi.

"Injini yako ni nzima," alisema Twahir. "Sasa tutafute maji yanakokwenda."

Hapo ndipo Agnela alipomshangaza fundi. Chini ya gari hapakuwa na tone. Twahir alipapasa mipira yote, akakuta mikavu. Lakini Agnela, akimulika kwa simu, aliona alama kwenye mpira mwembamba unaopeleka maji ya moto kwenye hita ya kupashia joto ndani ya gari: mchirizi uliokauka, wa rangi ya kutu, mwembamba kama uzi.

"Keni ikivuja kwenye maungio, maziwa yanakauka hivyo hivyo," anasema. "Huoni yakidondoka, unaona njia yake tu. Nikamwambia, fundi, hapa pamepita kitu."

Twahir aliukunja mpira na ufa ukafunguka. Ukiwa baridi ulijifunga. Ukipata moto na presha ulitema maji juu ya injini, yakageuka mvuke bila kufika chini. Walipolala chini kuitazama rejeta iliyo mbele, wakakuta imezibwa na tope na makapi ya barabara ya Kikwe, upepo haupiti.

Siku hiyo Agnela alibadilisha mpira kwa mikono yake, akakaza vibano viwili, akaosha rejeta kwa maji ya taratibu akisukuma uchafu kutokea nyuma. Twahir aliweka thamostati mpya. Mpira, vibano, thamostati na dawa ya kupoza injini vilimgharimu shilingi elfu tisini na tano.

Angependa hadithi iishie hapo. Siku mbili baadaye, akiwa na lita mia na ishirini nyuma, karibu kabisa na mahali palepale pa Machi, mshale ulianza kupanda.

"Nilisikia baridi mwili mzima," anasema. "Mkono huu ulianza kuuma kama umeungua jana."

Safari hii aliwasha taa za tahadhari, akatoka pembeni, akavuta breki ya mkono, akaweka jiwe kwenye gurudumu. Mfuniko hakuugusa. Akampigia Twahir.

"Usilizime. Washa hita mpaka mwisho," Twahir alimwambia. "Inatoa joto au baridi?"

Kuwasha hita kulimaanisha kurudi ndani na kukaa juu ya ile injini. Agnela alisimama mlangoni, magari yakimpita kwa kasi, asiweze kunyanyua mguu. Hatimaye alikaa ukingoni mwa kiti, mguu mmoja nje, akanyoosha mkono.

"Baridi," alisema.

"Basi ni hewa. Tulipobadilisha mpira imebaki hewa ndani, maji hayazunguki. Kosa ni langu, sikuitoa yote. Sasa zima, kaa kivulini, saa nzima usiguse kitu."

Alikaa saa nzima na dakika kumi. Halafu akaongeza maji, akaenda mwendo wa kobe hadi Themi, akisimama mara mbili. Maziwa yalifika yakiwa mazima. Mchana Twahir aliinua gari upande wa mbele, akaliacha lingurume mfuniko ukiwa wazi, na Agnela akatazama mapovu makubwa yakitoka moja moja mpaka yakakoma. Hita ikaanza kutoa joto.

Tangu siku hiyo ni miezi miwili, na mshale haujavuka katikati. Mzee Yona hakumjibu yule mnunuzi mwingine. Hofu, hata hivyo, haijaondoka. Agnela hutazama mshale kila baada ya nguzo chache za umeme, na akifika Tengeru huzima redio. "Watu wananiambia utazoea," anasema. "Sijazoea. Ninachojua sasa ni cha kufanya nikiogopa."

Wanawake sita wa Nkoaranga, juu kwenye miteremko ya Meru, wamemwomba achukue maziwa yao. Barabara ya huko inapanda kuliko yoyote aliyowahi kuendesha. Jumapili iliyopita, baada ya ibada, alikwenda kuijaribu na gari tupu. Kwenye kona ya tatu alihisi joto mapajani. Mshale ulikuwa umetulia, lakini aligeuza gari akarudi nyumbani.

Hajawaambia wale wanawake hapana.

"Jumamosi nakwenda tena," anasema, akishusha kiti na kukikalia. "Nikifika pale nilipogeuzia nitasimama, niweke jiwe, nisubiri. Likipoa nitapanda kona ya nne."

Anawasha injini. Anautazama mshale mpaka unapoanza kusogea, kisha anaingiza gia na kuondoka kuelekea Kikwe.